Umeweka nano kwenye plastiki inayooza na fuwele zinakusumbua? Anza na dalili

Malalamiko ni yale yale kila siku. Mtu kachanganya PLA au PHB (plastiki mbili zinazooza) na udongo wa nano, selulosi ya nano, mirija ya kaboni, grafini, zinki oksaidi au unga wowote wa nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) alioupata, anategemea fuwele zijijenge haraka na bidhaa istahimili joto, alafu majibu yanakuja hovyo. Fuwele hakuna, au zipo ila plastiki inavunjika ukiigusa, au leo namba hii kesho namba nyingine. Na kitu cha kwanza anachofanya ni kuongeza unga. Nawaomba sana, unga uongezwe mwisho kabisa. Mara nyingi kosa liko kwenye joto, kwenye unyevu au kwenye upimaji, na hivyo vyote vinakaguliwa bila kununua kitu.

Ujue kinachotokea mle ndani kwanza. Plastiki ikiwa inapoa toka kuyeyuka, minyororo yake inataka vitu viwili ili ijipange kuwa fuwele: mahali pa kuanzia, yaani kiini, na uhuru wa kutembea. Chembe za nano zinasaidia hilo la kwanza na mara nyingi zinabana hilo la pili, kwa hiyo kila dalili utakayoiona hapa chini ujiulize ni lipi kati ya hayo mawili limekwama.

Na kabla hujagusa chochote hakikisha una blanki ya kweli. Blanki ya kweli sio punje ulizotoa kwenye mfuko, ni plastiki tupu isiyo na nano iliyopita ekstruda (mashine inayoyeyusha na kusukuma plastiki) ile ile, joto lile lile, muda ule ule, ikapozwa vile vile. Bila hiyo huwezi kusema nano imefanya nini, na nitarudi hapa kwa sababu hiki ndicho kinachodanganya watu wengi kuliko kitu kingine chochote.

DALILI: Nimeweka nano kwenye PLA lakini ikipoa hakuna fuwele kabisa

Kwenye DSC (ile mashine inayopima joto linaloingia na kutoka kwenye sampuli) unaona mstari umelala tu wakati wa kupoza, hakuna kilele. Au bidhaa imetoka kwenye moldi inang'aa kama kioo, ukiimwagia maji ya moto inajikunja.

Sababu namba moja, na hii inazidi zote zilizobaki kwa mbali, ni kupoza haraka mno. PLA ni mvivu. Inajenga fuwele kwa kasi nzuri kati ya digrii 100 na 115 hivi, na ikishuka chini ya Tg yake (joto ambalo chini yake plastiki inakuwa ngumu kama kioo), kama 55 mpaka 60, minyororo inakwama pale pale ilipo. Sasa moldi yako ina digrii 30, plastiki inapita kwenye lile eneo zuri kwa sekunde chache tu, nano itafanya nini hapo? Hata PLA tupu ukiipoza taratibu tu kwenye DSC, digrii 10 kwa dakika, gredi nyingi hazionyeshi kilele cha maana.

Ukaguzi wake ni rahisi. Chukua kipande kiweke kwenye oveni digrii 110 kwa dakika 10 mpaka 15, pamoja na kipande cha blanki. Kikigeuka cheupe na kikawa kigumu hata kikiwa bado cha moto, plastiki yako inaweza kujenga fuwele, tatizo ni ratiba ya joto. Angalia pia nani kaanza kugeuka mweupe. Kama cha nano kimewahi na blanki imechelewa, nano inafanya kazi yake vizuri tu, wewe ndio hujaipa muda. Pandisha moldi iwe 90 mpaka 110 na ukubali mzunguko kuwa mrefu kidogo, au toa bidhaa ikiwa haina fuwele alafu uipitishe kwenye oveni baadaye ikiwa imeshikiliwa umbo lake isijikunje.

Ikikataa hata kwenye oveni, soma karatasi ya gredi. PLA ina aina mbili za vipande kwenye mnyororo, L na D, na D ikizidi mnyororo unakuwa na kasoro nyingi haujipangi. Kila asilimia 1 ya D inashusha joto la kuyeyuka kwa kama digrii 5, na ikifika asilimia 10 hivi hiyo PLA haijengi fuwele tena, imetengenezwa makusudi iwe hivyo kwa ajili ya kuziba na kugandisha tabaka. Hapo hakuna nano duniani itakayokusaidia, badilisha gredi.

Gredi ikiwa sawa, ndio tunaishuku nano yenyewe. Labda imejikusanya mabonge (nitaieleza kwenye dalili inayofuata), au ni nano ambayo kwa PLA ni kiini dhaifu. Silika ya nano mara nyingi ni dhaifu, udongo wa nano ni wa wastani unategemea umetawanyika vipi, mirija ya kaboni na grafini kwa kawaida ni nzuri zaidi. Na niseme wazi maana watu hawapendi kusikia: kama shida yako ni fuwele tu, hutaki kupitisha umeme wala kuzuia oksijeni wala kingine, talki ya kawaida iliyosagwa laini, ambayo wala sio nano, ni kiini kizuri sana cha PLA na haina usumbufu wote huu. PLA ya aina ya D ikiwekwa asilimia chache ndani ya ile ya L nayo inajenga fuwele za pamoja zinazoyeyuka juu ya digrii 220, na hizo zinakuwa viini safi kabisa kwa zilizobaki, mradi wakati wa kuchakata usifike joto la kuziyeyusha.

Cha mwisho kujaribu ni kulegeza minyororo. Kiini kipo lakini minyororo haitembei, basi weka kilainishi kama PEG asilimia 5 mpaka 10 pamoja na nano. Vikienda pamoja vinasaidiana kuliko kila kimoja peke yake, ila ujue Tg itashuka na kilainishi kinaweza kujitokeza juu ya bidhaa baada ya muda.

DALILI: Asilimia 1 ilifanya vizuri, asilimia 5 imerudi nyuma

Hii inaleta maswali mengi na jibu lake mara nyingi ni mabonge. Chembe za nano zina eneo la uso kubwa mno kwa hiyo zinapendana zenyewe kuliko zinavyoipenda plastiki. Ukiongeza unga huongezi viini, unaongeza ukubwa wa mabonge, na bonge moja kubwa ni kiini kimoja badala ya maelfu.

Anza kwa macho. Kandamiza sampuli kidogo kati ya vioo viwili kwenye bamba la moto iwe nyembamba kama karatasi, iinue kwenye mwanga. Ukiona vidoa kwa macho, hapo sio nano tena, usipoteze muda kupeleka hadubini ya elektroni. Ukiwa na hadubini yenye mwanga uliochujwa kwa polaraiza ni bora zaidi, maana unaziona fuwele zenyewe zikikua: PLA tupu ikishikiliwa digrii 125 au 130 inatoa miviringo michache mikubwa, kila mmoja una msalaba mweusi katikati, inakua taratibu mpaka inagongana. Sampuli yenye nano iliyotawanyika vizuri inatoa vidoti vingi vidogo kwa wakati mmoja, hata msalaba huuoni. Ukiona sehemu moja imejaa vidoti na pembeni yake kuna miviringo mikubwa kama ya blanki, umepata jibu: mtawanyiko haufanani.

Kutengeneza: usimwage unga moja kwa moja kwenye ekstruda. Tengeneza kwanza mchanganyiko mzito, sema asilimia 10 au 15, alafu uupunguze kwa plastiki tupu kwenye mzunguko wa pili. Ekstruda ya skrubu mbili, sio moja. Udongo wa nano chagua uliobadilishwa uso ukaelewana na polima. Selulosi ya nano ina shida yake maalum, ikikauka nyuzi zinashikana kwa bondi za haidrojeni na hazirudi tena kuachana, kwa hiyo unga wake mkavu ni mabonge tayari hata kabla hujaanza, bora uiingize ikiwa bado kwenye kimiminika au utumie iliyobadilishwa uso. Ukitumia mawimbi ya sauti kuachanisha mirija ya kaboni, weka chombo kwenye barafu na upige kwa vipindi, usiache dakika nyingi mfululizo maana mirija inakatika.

Sababu ya pili, hata mtawanyiko ukiwa mzuri, ni msongamano. Chembe zikiwa nyingi na karibu karibu, minyororo iliyo katikati inabanwa, viini vipo vingi ila fuwele hazikui. Utaiona hivi: fuwele zinaanza mapema (joto la juu zaidi wakati wa kupoza) ila kiwango cha mwisho cha fuwele kiko chini. Hapo dawa ni kupunguza. Kwa nano nyingi kazi ya kiini inafanyika ndani ya asilimia 0.5 mpaka 2, kinachozidi hapo unakiweka kwa sababu nyingine, sio fuwele.

SIMAMA HAPA: unga mkavu wa nano usiumimine kwenye benchi la wazi na feni inazunguka. Mirija ya kaboni na titani oksaidi ni vitu ambavyo IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, imeviangalia, na aina moja ya mirija ya kaboni yenye kuta nyingi, MWCNT-7, pamoja na titani oksaidi imeziweka kundi 2B, yaani huenda zikasababisha saratani kwa binadamu. Pimia ndani ya kabati la kufyonza hewa lenye kichujio, barakoa iwe ya kuchuja chembe laini sio ile ya kitambaa, na umwagikaji ufutwe kwa kitambaa kibichi usifagie. Kama mahali pako hapana hivyo vifaa, nunua mchanganyiko ulioshikwa tayari kwenye punje, au mwite mtu wa usalama wa maabara kabla ya kufungua mfuko.

DALILI: Fuwele zinajengeka haraka sana, nimefurahi, ila plastiki ni brittle (inavunjika kirahisi) na imegeuka kahawia

Pole, hapa ndipo watu wanasherehekea kitu kibaya. Mnyororo mfupi unatembea kwa urahisi kuliko mrefu, kwa hiyo plastiki iliyooza ndani ya ekstruda inajenga fuwele HARAKA. Unaandika "nano imeongeza kasi ya fuwele" kumbe kilichotokea ni minyororo kukatika. Ndio maana nasisitiza blanki iliyopita mashine ile ile, na hata hiyo haitoshi kama nano yenyewe ndiyo inayokata minyororo, lazima upime na uzito wa molekyuli.

Kinachokata minyororo, kwa mpangilio wa kukutana nacho:

Unyevu. PLA, PHB, PBS, PBAT, PCL zote ni polyesta, maji kwenye joto yanazikata. PLA inatakiwa iwe chini ya asilimia 0.025 ya maji kabla ya kuyeyushwa. Punje zenye fuwele zikaushe digrii 80 kwa saa 4 au zaidi kwenye hewa kavu, zisizo na fuwele usizidishe digrii 50 maana zitashikana kuwa tofali, zipe muda mrefu badala yake. Na watu wanakausha plastiki alafu wanasahau unga! Udongo wa nano na selulosi ya nano zinanyonya maji kutoka hewani kuliko plastiki yenyewe, umekausha punje usiku kucha alafu umemwagia maji kwa mlango wa nyuma. Kausha vyote.

Joto kuzidi au muda kuzidi. PHB ndio mbaya zaidi, inayeyuka karibu 175 mpaka 180 na kuanza kuharibika hapo hapo juu kidogo, dirisha lako ni dogo mno. Ikianza kutoa harufu kali ya asidi inayochoma pua, hiyo ni asidi ya krotoni, minyororo inakatika muda huo huo.

Kemia ya nano yenyewe. Zinki oksaidi ni katalisti (kichocheo cha kemia), inakata PLA kwenye joto la kuchakata hata ikiwa kavu kabisa. Tumia iliyofunikwa uso kwa silani, inapunguza tatizo sana. Udongo wa nano uliobadilishwa kwa chumvi za amonia, ile dawa ya juu inaanza kuvunjika karibu digrii 200 na mabaki yake yanaishambulia plastiki. Selulosi ya nano iliyotengenezwa kwa asidi ya salfuri inabaki na vikundi vya salfeti, isipozimwa asidi yake kwa sodiamu haidroksaidi kabla ya kukaushwa, inageuka kahawia mapema na kuchangia kukata minyororo.

Ukaguzi wa bei nafuu ni mashine ya kupima mtiririko wa plastiki iliyoyeyuka. Pima blanki, pima ya nano, joto moja uzito mmoja. Kwa kawaida chembe ngumu zinaifanya iwe nzito kutiririka, kwa hiyo ya nano ikitiririka kwa kasi zaidi ya blanki, minyororo imekatika, huhitaji ushahidi mwingine ili usimame. Ukitaka namba kamili peleka GPC (mashine inayopima uzito wa molekyuli), lakini nano lazima ichujwe kwanza, na hiyo waachie wanaoendesha ile mashine kila siku maana kolamu ikiziba ni hasara kubwa.

Ekstruda ikitoa moshi, shinikizo likashuka ghafla au likapanda bila wewe kubadilisha kitu, punguza joto, toa plastiki iliyomo kwa polima ya kusafishia, usisimame mbele ya dai (tundu ambalo plastiki inatokea). Ikishakuwa imeziba na shinikizo lipo ndani, usifungue boliti wewe, mwite fundi wa mashine.

DALILI: Vilele viwili vya kuyeyuka kwenye DSC

Wengi wanadhani nano imeleta aina mpya ya fuwele. Mara nyingi hapana. PLA ikijenga fuwele chini ya kama digrii 100 mpaka 110 inatoa zile zilizojipanga ovyo kidogo (alfa prime), na wakati unapasha joto zinajirekebisha kuwa alfa ya kawaida kabla ya kuyeyuka. Utaona hata kilele kidogo cha kutoa joto kabla tu ya kuyeyuka. Badilisha kasi ya kupasha: jaribu digrii 2, 10 na 20 kwa dakika. Ukienda haraka na kile kilele cha juu kikapungua, fuwele zilikuwa zinajirekebisha humo humo ndani ya mashine, basi. Visipobadilika ndio ufikirie kuna makundi mawili ya fuwele, yale ya karibu na chembe na yale ya mbali, na hapo eksirei ndio itakayosema.

DALILI: Kiwango cha fuwele hakiingii akilini

Hesabu. Karibu kila mara ni hesabu. Tuseme sampuli ya PLA yenye nano asilimia 3, kilele cha kuyeyuka kimesoma 30 J/g (jouli za joto kwa gramu), lakini wakati wa kupasha ilijenga fuwele mpya za 25 J/g karibu digrii 100 na kitu. Mtu anachukua 30 anagawa kwa 93 (hiyo ni ya PLA yenye fuwele tupu) anapata asilimia 32 anashangilia. Zile 25 zimejengwa ndani ya DSC, bidhaa yako haikuwa nazo! Kinachobaki ni 5, gawa kwa 93 mara 0.97 maana nano haiyeyuki, unapata asilimia 5.5. Ndio maana kikombe chako kinajikunja kwenye maji ya moto wakati ripoti inasema asilimia 32. Kwa PHB watu wanatumia 146 J/g, PCL karibu 139.5, na ukilinganisha na kazi ya mwingine hakikisha mmegawa kwa namba moja.

Ikiwa hesabu iko sawa na namba bado zinaruka: sampuli iwe mg 5 mpaka 10 na iguse chini ya kisahani yote, na ukitaka kupima nano inavyofanya wakati wa kupoza, historia ya joto ifutwe kwanza (PLA digrii 200 kwa dakika 3, usikae zaidi), maana ukiyeyusha kwa joto dogo vipande vya fuwele za zamani vinabaki vinakuwa viini na utaisifia nano bure. Filamu zilizomiminwa kwa klorofomu zinabaki na klorofomu ndani kwa siku nyingi hata kama inachemka digrii 61, na inalainisha minyororo, zikaushe kwenye vakyumu na uhakikishe uzito umeacha kushuka. Taka za klorofomu usizichanganye na za asetoni, zikikutana na alkali kidogo tu chupa inaweza kulipuka. Mwisho pima indiamu (metali ya kuhakiki mashine), inatakiwa kuyeyuka digrii 156.6. Ikiwa imehama, rekebisha mashine kwanza, na kama plastiki imefurika ndani ya tanuru ya DSC usikwangue, ita fundi wake.

DALILI: PHB ilikuwa nzuri wiki ya kwanza, sasa inavunjika

Tg ya PHB iko karibu digrii 0 mpaka 5, kwa hiyo hata ikiwa kabatini minyororo bado inatembea na fuwele zinaendelea kujengeka polepole, sehemu laini inabanwa. Juu ya hapo PHB ina viini vichache vya asili, miviringo inakuwa mikubwa na inapasuka katikati. Nano au boroni nitraidi inasaidia hili la pili, miviringo inakuwa midogo, ila kuzeeka hakuondoi. Kama unataka kuondoa brittle tumia PHBV (ndugu ya PHB yenye vipande vya valerati kwenye mnyororo) yenye valerati zaidi au weka kilainishi. Na upimaji wa nguvu ufanye siku ile ile ya umri kwa sampuli zote, la sivyo unalinganisha vijana na wazee.

DALILI: Imekuwa imara, lakini haiozi kama zamani

Hili wengi wanalikumbuka mwishoni na linaniuma, maana ndio sababu ya kutumia plastiki hizi. Maji yanaingia kwanza kwenye sehemu isiyo na fuwele, kwa hiyo ukiongeza fuwele umechelewesha kuoza. Baadhi ya nano zinazopenda maji zinavuta maji ndani na kurudisha kasi, nyingine zinaziba njia na kuchelewesha zaidi, huwezi kukisia kwa jina la unga. Angalia kwanza joto la mboji: vipimo vya mboji ya kiwandani hufanyika digrii 58, karibu kabisa na Tg ya PLA, na kwenye udongo wa baridi PLA itakaa tu hata bila nano. Kisha linganisha na blanki yenye kiwango sawa cha fuwele, sio blanki yoyote, ndio ujue ni fuwele au ni chembe.

Na usiandike "inaoza kwenye mboji" kwenye bidhaa yenye nano kwa kutegemea cheti cha plastiki tupu. Cheti kile ni cha mchanganyiko uliopimwa, ukiongeza nano ni mchanganyiko mwingine. EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza kwenye mboji, inataka asilimia 90 ya kuoza ndani ya miezi 6, na inaangalia metali na sumu kwenye mboji iliyobaki. Zinki ni mojawapo ya metali zinazopimwa, kwa hiyo mwenye zinki oksaidi apeleke sampuli kwenye maabara yenye ithibati kabla ya kuchapisha lebo.